Jibu kwa makala ya mafia wa Brooklyn: shida ilikuwa kwenye kiti, si kwa vijana

Bwana Mhariri,

Jambo kwenu na kwa wote wanaofanya kazi hapo kwenye gazeti. Niko naandika toka huku Kadutu, Bukavu, juu ya ile makala mulitoa kuhusu familia ya Colombo, ile familia ya mafia ya New York, yenye picha ya wazee wamevaa makofia na makoti marefu. Ni habari ninaipenda sana, tangu niko kijana nasoma kila kitu kinachoandikwa juu yao, kwa hiyo nilipoona kichwa nikanunua gazeti bila hata kuuliza bei. Lakini nilipofika kwenye kolone ya mwisho hasira ikanipanda. Mwandishi wenu anasema wazee walijenga familia kwa heshima na disiplini, alafu vijana wakakuja na tamaa yao wakabomoa yote. Hapana bwana. Mimi nasema ni kinyume chake. Kila mara ile familia ilipigana yenyewe kwa yenyewe, ukifuata mambo mpaka mwanzo wake unafika kwenye kiti cha mukubwa, si kwa kadogo wa chini.

Tuanze na Joe Profaci, mukubwa wa hiyo familia mbele ya jina la Colombo kuingia, juu mwandishi wenu amemupamba sana huyu muzee. Ni kweli alitoka Sicily akahamia Marekani, akawa mukubwa pale Brooklyn tangu mwisho wa miaka ya 1920, na Lucky Luciano, mukubwa mwingine wa mafia, alipopanga mambo mwaka 1931, familia tano za New York na Komisheni ya wakubwa kwa juu, Profaci alikuwa mumoja wa wale watano. Ni kweli tena alikuwa anauza mafuta ya zeituni mpaka wakamwita mufalme wa mafuta, na alikuwa mutu wa misa kabisa, kwenye shamba lake kule New Jersey alijijengea mpaka kanisa yake mwenyewe ndogo. Sawa. Lakini huyu mutu wa misa alikuwa anatoza kila askari wake, yaani mutu wa chini wa familia, dola 25 kila mwezi, ati ni kotizasio ya kusaidia familia za wale walio buloko, yaani jela, na askari wenyewe walikuwa wanalalamika kwamba hiyo pesa nyingi inaishia mufukoni mwake. Na dola 25 ya miaka ya 1950 si hii ya leo unampatia kambiste, mubadilisha pesa, asubuhi na saa sita imekwisha. Juu ya hiyo kotizasio kulikuwa tena fungu lake kwenye kila biashara, uwe mutu wa kamari, uwe unakopesha watu kwa riba, uwe unachezesha lotari ya namba kwenye kartie, lazima upeleke juu, na kinachopanda hakishuki.

Kulikuwa muzee mumoja anaitwa Frank Abbatemarco, walikuwa wanamwita Frankie Shots, yeye njo alishika ile lotari ya namba, na ilikuwa inaingiza pesa sana. Akachoka kupeleka juu. Tarehe 4 Novemba 1959 wakamupiga masasi kwenye baa moja ya Brooklyn. Sasa ndugu watatu wa Gallo, yaani Larry, Joey na Albert, walikuwa wanafanya kazi na huyo Frankie Shots, na wengi wanasema mutu wao njo alitumwa kumumaliza, wakitegemea lotari ya marehemu itabaki mikononi mwao. Profaci akaigawa kwa watu wake wa karibu, wao wakabaki kuangalia. Nauliza mwandishi wenu, mulafi hapo ni nani?

Mwezi wa pili mwaka 1961 ndugu wa Gallo wakafanya kitu ambacho hakuna mutu alikuwa amethubutu: wakateka wakubwa wanne wa familia yao wenyewe. Kati yao kulikuwa Joe Magliocco, makamu, ambaye tena ni shemeji ya Profaci, na Frank Profaci, ndugu ya muzee wa damu. Muzee mwenyewe akaponyoka, akakimbilia Florida. Wakazungumuza majuma kazaa, wale wakubwa wakaachiliwa, muzee ameahidi kwamba malalamiko yao yataangaliwa. Yaliangaliwa kweli, mwezi wa nane jibu likafika.

Hii sehemu mwandishi wenu ameiruka, na mimi naona bila hii huwezi kuelewa kitu ya mbele. Tarehe 20 Agosti 1961, siku ya Mungu, Larry Gallo akaitwa kwenye baa moja inaitwa Sahara, kule kule Brooklyn, ati kuko mupango wa pesa wa kuzungumuza. Akiwa pale kwenye kaunta, mutu akamupitishia kamba shingoni toka nyuma, wakaanza kuvuta. Bahati yake sarjenti mumoja wa polisi aliingia kuangalia tu, ukaguzi wa kila siku, akaona miguu ya mutu imetokeza pale chini, wale jamaa wakatoka mbio, polisi mwingine aliyebaki inje wakamupiga risasi ya uso wakati wanakimbia, akapona. Larry akaamuka na alama ya kamba imezunguka shingo. Polisi wakamuuliza ni nani, akasema hajui. Wakauliza tena, hajui. Mumoja wa wale walioshukiwa ni kijana anaitwa Carmine Persico, na huyo Persico miezi michache tu kabla ya hapo alikuwa upande wa Gallo, walikula pamoja, walipanga pamoja, alafu Profaci akamuvuta upande wake. Larry alikataa kabisa kutoa ushahidi na kesi ikaanguka. Lakini toka hapo watu wa Gallo wakamwita Persico "Nyoka", na jina lilimufuata mpaka uzee wake. Kwa zile siku zile zile mutu wao wa nguvu, Joe Gioielli, akapotea moja kwa moja, nguo zake zikatupwa karibu na maskani yao, ndani wamefungia samaki.

Muone vizuri nani alivunja ahadi. Ni muzee, si kijana.

Profaci akakufa na kansa mwezi wa sita 1962. Kiti kikaenda kwa nani? Kwa shemeji, Magliocco. Na huyu naye badala ya kupatanisha watu wake akaingia kwenye mupango na Joe Bonanno, mukubwa wa familia ingine, ambaye mutoto wake alikuwa ameoa mutoto wa ndugu wa Profaci (ukiangalia sana hizi familia ni harusi juu ya harusi), wauwe wakubwa wengine wawili wa Komisheni, Gambino na Lucchese. Kazi wakamupatia Joe Colombo. Colombo akapiga hesabu zake, akaenda kuwaambia wale wale waliotakiwa kuuawa. Magliocco akalipishwa faini ya dola 50,000 akarudishwa nyumbani, akakufa na moyo mwisho wa 1963, na Colombo akapewa kiti kama zawadi, na bado hajapita sana miaka 40. Kwa hiyo hata jina lenyewe la familia, jina munaliandika kwa herufi kubwa kwenye kichwa cha makala, ni la mutu aliyeketishwa na watu wa inje kwa sababu aliuza siri ya mukubwa wake. Hiyo njo heshima ya wazee?

Hapa lazima nirekebishe makosa mawili ya makala, na ninaomba muyarekebishe wazi wazi kwenye gazeti. Kosa la kwanza, munasema Joey Gallo alimupiga Colombo masasi. Si yeye. Colombo alikuwa ameanzisha mwaka 1970 chama cha kutetea haki za Wamarekani wenye asili ya Italia, watu wakaandamana mbele ya biro ya FBI, polisi ya upelelezi ya serikali ya Marekani, kulalamika kwamba Waitalia wote wanaitwa majambazi, na mpaka wizara ya haki ikakubali kuacha kutumia neno mafia kwenye matangazo yake. (Mukubwa wa mafia anaongoza maandamano kusema mafia haiko! Hata hapa kwetu sijaona ujasiri wa namna hiyo, na tumeona mengi.) Tarehe 28 Juni 1971, kwenye mukutano wa hicho chama, pale Columbus Circle katikati ya muji, kijana mweusi anaitwa Jerome Johnson, aliyekuja na kamera sawa vile mwandishi wa habari, akamukaribia akamupiga masasi ya kichwa na shingo. Johnson mwenyewe akauawa pale pale, na aliyemuua hajatambulikana. Watu wa Colombo wakasema ni Gallo aliyemutuma, juu alikuwa ametoka buloko miezi michache tu na alikuwa na urafiki na weusi aliofungwa nao. Lakini hakuna tribinali hata moja iliyothibitisha hilo. Kusema "wanashuku" na kusema "alifanya" si kitu kimoja, na gazeti linapaswa kujua hilo kuliko sisi wasomaji.

Kosa la pili, munasema Colombo aliuawa siku hiyo. Hakuuawa. Alipooza, akalala hivyo miaka saba karibu, akakufa mwezi wa tano 1978. Aliyeuawa haraka ni Joey Gallo, tarehe 7 Aprili 1972, alipokuwa anasherehekea siku yake ya kuzaliwa, miaka 43, kwenye restora ya Umberto's mutaa wa Mulberry pale Little Italy, mezani na muke wake mupya na watu wa nyumbani. Hiyo sehemu mwandishi wenu aliiandika vizuri, hapo sina neno. Ndugu yake Larry alikuwa amekwisha kufa na kansa tangu 1968, na wale wa Gallo waliobaki mwishowe wakahamia familia ya Genovese juu nyumbani hapakukalika tena.

Sasa tufike kwenye vita ya 1991, njo hasa inanifanya niandike. Mwandishi wenu anaiita vita ya vijana. Vijana gani? Waliokuwa wanagombana wote walikuwa na wajukuu!

Kisa ni hiki. Yule Persico, yule Nyoka, akapanda mpaka akawa mukubwa wa familia kwenye miaka ya 1970. Serikali ya Marekani ilikuwa imepata sheria mupya tangu 1970, ile inaitwa RICO, inayoruhusu kumufunga mukubwa kwa kuongoza kundi hata kama yeye mwenyewe hakushika bunduki. Kwa sheria hiyo wakamukamata. Mwisho wa 1986 wakamupa miaka 39, alafu Januari 1987, kwenye ile kesi kubwa ya Komisheni ambamo alijitetea mwenyewe bila avoka, wakamuongezea miaka 100. Mutu amepewa miaka 139. Akili ya kawaida inasema hapo unaachia kiti, unashukuru Mungu, unabaki unasali. Persico hakuachia. Alitaka kiti kibaki cha mutoto wake Alphonse, ambaye naye alikuwa buloko lakini alikaribia kutoka. Kwa hiyo akaweka mutu wa muda, Victor Orena, mutu wa Long Island, mufanyabiashara, mwenye pesa zake za kukopesha.

Sisi Wakongomani hatuhitaji kufasiriwa hii. Sisi tunajua "a.i.", yaani mutu wa muda, ni nini. Kuko bugumestre a.i., kuko direkta a.i., kuko shefu wa kartie a.i. aliyewekwa "kwa muda" na ule muda hata mutoto aliyezaliwa siku ile ameshamaliza primere. Ukimupa mutu biro, mihuri, motokari, watu wanamusalimia mukubwa, pesa inapitia mikononi mwake, kesi anakata yeye, alafu unamuambia usisahau kiti si chako ni cha mutoto wangu, wewe unangoja atoke buloko. Utaona. Orena alifanya kazi ya mukubwa kwa miaka kama miwili mitatu, hatari yote ni yake, kama ni kufungwa anafungwa yeye, na amri zinaendelea kutoka kwa mutu aliye ndani ya jela ambaye hatatoka mpaka kufa. Inasemekana Persico alifikiri mpaka kuonyesha maisha yake kwenye televizio, na Orena akaogopa kwamba parke, yaani ofisi ya mashitaka, itatumia hiyo filimu kama ushahidi, sawa vile walivyotumia kitabu cha Bonanno kwenye kesi ya Komisheni. Kweli hapo nani hana akili, ni wa muda ama ni mwenye kiti?

Mwanzoni mwa 1991 Orena akamuomba mushauri mukubwa wa familia, Carmine Sessa, apite kwa makapo wote, hawa njo sawa na makapita, awaulize kama wanakubali Orena awe mukubwa kamili. Akaomba kura, kwa namna yake. Sessa badala ya kupita kwa makapo akapeleka habari kwa Persico. Jibu likatoka gerezani. Tarehe 20 Juni 1991 Sessa na watu wengine wane wakamungojea Orena karibu na nyumba yake, kule Cedarhurst, Long Island. Jioni watu wanarudi kazini, mutaa umetulia, Orena anakuja na motokari yake, kabla ya kufika anaona ile gari ingine imesimama na sura anazozijua ndani, watu ambao anawalipa, watu wake mwenyewe. Hakusimama. Akakanyaga mafuta akapita. Toka siku hiyo familia ikawa mbili, upande wa Persico na upande wa Orena, na wengi wa askari walienda na Orena, hilo mwandishi wenu hakulisema pia.

Wakazungumuza amani miezi kazaa, bure. Tarehe 18 Novemba watu wa Orena wakamushambulia Gregory Scarpa, mutu wa upande wa Persico, barabarani, karibu na nyumbani kwake, binti yake na mujukuu mudogo wakiwa pale pale kwenye motokari ya pembeni. Wote wakapona. Hapo njo moto ukawaka. Scarpa akaanza kuzunguka Brooklyn kwenye gari anatafuta watu. Desemba, mutu mumoja wa upande wa Orena alikuwa mbele ya nyumba yake anafunga mapambo ya Noeli kwenye mulango, Scarpa akapita, akampiga masasi, akaendelea na safari yake. Kijana wa miaka 18 aliyekuwa anafanya kazi kwenye duka la mikate wakamuua pia, hakuwa na kitu na hiyo vita. Muzee mumoja wa familia ya Genovese, mustaafu, naye akapigwa masasi kwa makosa kwenye klabu alikokaa. Jumla watu kama 12 walikufa mpaka mambo yalipotulia.

Na huyu Scarpa mwandishi wenu amemutaja kwa mustari mumoja tu, ati muuaji mukali wa upande wa Persico. Bwana Mhariri, Scarpa alikuwa mutoa habari wa FBI! Tangu miaka ya 1960, na vipindi vya kukatika. Miaka yote ile anakula na wakubwa, anaapa, anabusiana nao mashavuni, na kando anapiga simu kwa wakala wake. Kwenye vita ya 1991 wakala wake alikuwa Lindley DeVecchio, na huyo DeVecchio njo alikuwa anasimamia timu ya FBI iliyofuata familia ya Colombo. Wakala mudogo aliyefanya kazi chini yake alitoa ushahidi tribinalini kwamba siku moja alipomuletea habari za watu kupigwa masasi, mukubwa wake alipiga mukono mezani na kusema tutashinda, sawa vile naye ana upande. DeVecchio alikana siku zote kwamba alimupatia Scarpa siri za kazi. Mwaka 2006 parke ya Brooklyn ikamushitaki, na mwaka uliofuata kesi ikafutwa katikati kwa sababu shahidi mukubwa, mwanamuke aliyeishi na Scarpa, kulipatikana kaseti za zamani ambamo alisema mambo tofauti. Kwa hiyo mbele ya sheria hana kosa, na mimi simuhukumu. Lakini habari za Scarpa na FBI zilipotoka, avoka wa watu wa Orena wakazitumia, na baadhi yao, pamoja na watoto wawili wa Orena, juri ikawaachilia.

Mwisho wa Scarpa nao ni wa kushangaza. Mwaka 1986 alihitaji damu hospitalini, akakataa damu ya watu asiowajua, akataka ya watu wake tu, wa kundi lake, wanaoaminika. Mumoja wa waliotoa alikuwa na virusi vya UKIMWI. Scarpa akashitaki hospitali, 1992 akalipwa dola 300,000, mwisho wa mwaka huo huo akapigwa risasi akapoteza jicho, na mwezi wa sita 1994 akakufa akiwa mufungwa.

Kuko saluni moja ya kunyoa hapa karibu na soko ya Kadutu ambapo vijana wanapenda sana hizi hadisi, na makala yenu ilipita mukono kwa mukono. Kijana mumoja akasema, unaona, hawa watu hawasalitiani, si kama sisi. Nikamuuliza kama anajua Sessa aliishia wapi, yule yule Sessa aliyelinda kiti cha Persico na kwenda kumuvizia Orena. Mwaka 1993 walipomukamata, akageuka shahidi wa serikali, akasema yote. Kijana akasema aa, huyo mumoja tu. Nikamuhesabia. Persico alimuacha Gallo, Colombo alimuuza Magliocco, Scarpa aliuza wote miaka thelathini. Kinyozi akazima mashine ili asikie vizuri. Sasa hawa wote ni watu waliopanda, si walioshuka. Kwenye ile familia ukisaliti chini unauawa, ukisaliti juu unapewa cheo. Na vijana wanasoma makala yenu wanafikiri ni mambo ya heshima.

Orena walimukamata tarehe 1 Aprili 1992, mwisho wa mwaka akapatikana na hatia, akapewa kifungo cha maisha. Persico akashinda vita, kama hiyo ni kushinda.

Na hapa kuna jambo moja ambalo makala haikugusa kabisa, na kwangu njo linamaliza hii diskisio. Upande wa Orena kulikuwa kapo mumoja wa nguvu, William Cutolo. Vita ilipokwisha akafanya amani na Persico, wakasameheana, wakamupandisha mpaka akawa makamu, mutu wa pili wa familia. Hiyo ni mapatano, si ndiyo? Mutoto wa Persico, Alphonse, alikuwa sasa njo mukubwa wa muda na yeye alikuwa na kesi ya bunduki inayoweza kumurudisha ndani. Yaani kama angefungwa, anayebaki kushika nafasi ni Cutolo. A.i. mwingine! Tarehe 26 Mei 1999 Cutolo akatoka kwenda kukutana na Alphonse, hakurudi. Miaka tisa muke wake na watoto hawana hata kaburi, mpaka Oktoba 2008 FBI walipochimba kwenye kiwanja kimoja huko East Farmingdale, Long Island, wakamukuta. Alphonse alikuwa amekwisha kupatikana na hatia kwa hilo mwisho wa 2007, na mwaka 2009 akapewa kifungo cha maisha.

Kwa hiyo tuhesabu. Baba anakataa kuachia kiti ili amutunzie mutoto. Watu kama 12 wanakufa. Mutoto anapata kiti, anaogopa mutu wa muda kama baba yake alivyoogopa, anaua, anafungwa maisha. Na baba anaendelea kuitwa mukubwa wa familia akiwa jela mpaka tarehe 7 Machi 2019, alipokufa hospitalini North Carolina na miaka 85. Hapo kijana mulafi aliyebomoa nyumba ya wazee yuko wapi? Mimi nimemutafuta sijamuona.

Ninaomba basi vitu viwili. Kwanza murekebishe yale makosa ya 1971, Johnson si Gallo, na Colombo hakufa siku ile. Pili, kama mwandishi wenu ataendelea na sehemu ya pili kama alivyoahidi, aandike juu ya Cutolo, na aache hizo picha za makofia. Najua ukurasa wa barua ni mudogo na mimi nimeandika murefu, kama lazima mukate, mukate ile ya Profaci na kanisa yake, lakini ya Scarpa muiache yote kama ilivyo.

Aksanti,

Musomaji wenu wa Kadutu, Bukavu